Safu ya Mwisho

Daftari hili si langu. Nililitoa Amboni siku ya kustaafu,
limefungwa ndani ya kanga pamoja na kidau cha wino,
nikapita getini mbele ya mlinzi
kama mtu aliyebeba mkate.
Lina safu nne: Tarehe. Jina. Mzigo. Sahihi.
Miaka ishirini na sita niliwapimia watu mkonge,
nikaandika majina yao kwa mwandiko uliolala,
na asiyejua kusoma alibonyeza dole gumba
kwenye zambarau, akaondoka akijifuta suruali.
Jina langu halimo hata mara moja.

Sasa usiku, Ngamiani, Barabara ya Tisa,
jirani akishazima redio na paka wakianza kesi zao,
nafungua kurasa zilizobaki nyeupe.
Tarehe, naandika. Jina, naandika.
Nikifika kwenye Mzigo kalamu inakauka,
kalamu mpya, ya jana, dukani kwa Kombo.
Kilo nazijua.
Hili sijui nilitundike ndoano gani.

Wiki ya kwanza niliandika mambo ya mvua.
Ya pili, sukari ilivyoadimika mwaka wa themanini na moja,
foleni ya duka la ushirika, mtu aliyezimia akashika nafasi yake.
Nilikuwa naizunguka nyumba kama mwizi
na nyumba ni yangu.

Ya tatu, sentensi moja:
*Mhando ni mwanangu.*
Nikaifunika kwa kiganja, peke yangu chumbani,
kama mtoto anayeficha majibu.

Mhando ana miaka arobaini na minne, anachomelea mageti Korogwe.
Ananiita mamdogo. Kila Idi ananiletea kitambaa kimoja,
na mama yake humletea viwili.
Ni haki. Ndiye aliyekesha naye usiku wa surua,
ndiye aliyepanga foleni Bombo kwa ajili ya kifua chake.

Siri ya mtungi aijuaye kata,
na kata ni dada yangu Mwajabu.
Nikamfuata Makorora, Jumapili asubuhi,
nikamkuta uani anavunja vichwa vya dagaa.
Nilisoma nimesimama, kama nasoma hesabu mbele ya meneja:
*Jumanne ile tulipanda lori la mkonge mpaka Muheza,
mimi na kanga yangu ya bluu na mtoto wa siku arobaini,
nikarudi mikono mitupu,
maziwa yakilowesha blauzi.*

Vichwa vya dagaa vikaacha kudondoka.
Kuku akakatiza. Nikatazama lango, nikapima hatua.

"Haikuwa Jumanne," akasema.
"Ilikuwa siku ya gulio, tulikalia magunia ya watu.
Na kanga ilikuwa yangu. Ulinirudishia baada ya mwaka,
umeipiga pasi. Andika hivyo."

Kisha, bila kuinua uso:
"Na uandike kwamba niliogopa
kila ulipokuja kutusalimu."

Hilo sikuwa nalo.
Miaka yote hiyo, mimi karani wa mzani,
nimepima upande mmoja.
Nikaandika palepale, daftari juu ya goti.
Ukurasa ule unanuka dagaa mpaka leo.

Jumamosi Mhando anakuja kuliziba kutu lango la mama yake.
Dada amesema nisome mimi, yeye atakaa karibu.
Sijui kama kijana atangoja nifike mwisho.
Sijui ataniitaje akisimama.
Watu husema jipe moyo. Sijui wao huupata duka gani;
mimi nimesoma kwa sauti mara tatu mbele ya kabati
na mara zote tatu magoti yamenisaliti.

Safu ya mwisho ilikuwa bado wazi.
Nilijaribu sahihi pembeni ya gazeti,
Mwantumu binti Sekiete, Mwantumu binti Sekiete,
ikatoka imepinda kama ya mtu mwingine.
Basi nikakitafuta kile kidau. Kimekauka.
Nikakitemea mate kidogo, nikakoroga,
nikabonyeza dole gumba
walivyokuwa wakibonyeza wakata mkonge,

na bado sijanawa.