Mkanda wa Tisa

Sakafu ya godauni la magodoro, Barabara ya Kumi,
imeinama.
Mwenye mali hajui kwa nini. Anamlaani fundi.
Kila jioni anayawekea matofali mapipa yake ya gundi,
maana yakiachwa yanabiringika yenyewe, taratibu,
kuelekea ukuta wa mbele,
yakatulie pale yalipokuwa mabenchi ya thumuni.

Mimi najua. Sijamwambia.

Hapo palikuwa Nurani,
jumba la Kanji Velshi, mtu mfupi, funguo kiunoni,
na Mbwana Kidege mpiga mbiu na bomba lake la bati
akiizunguka Ngamiani kutoka sokoni mpaka relini:

    Leo leo muambiwe, Nurani mlango wazi,
    Thumuni yako utowe, ukae na wapagazi,
    Shilingi, juu upewe kiti cha mto na ngazi,
    Kesho usisimuliwe na jirani mchokozi!

Picha moja, majumba mawili.
Nurani walitangulia,
nusu saa baadaye wakaanza Kiran, kule Chumbageni,
na katikati yao alikuwa baba, Mhina Semboja,
na baiskeli, na makopo ya mikanda kwenye keria
yamefungwa kwa mpira wa tairi,
bado yana joto la mashine.

Baba hakuwahi kuona sinema nzima.
Aliona mwanzo huku, kipande kule,
na baina yake mchanga, reli, mbwa wa Barabara ya Nne.
Ukimuuliza picha ilikuwaje, alijibu:
"Nzito. Mikanda tisa."

Alasiri moja, mkonge ukingali na bei,
gari la mizigo likazimikia juu ya njia.
Mabehewa na mabehewa ya marobota.
Baba upande huu, na mkanda wa tisa.
Kupita chini ya behewa aliogopa, gari lisije likaamka.
Akasimama akihesabu magurudumu.

Kiran, taa zikawashwa.
Ilikuwa Jumatano, shoo ya wanawake:
mabuibui mia mbili, maganda ya karanga mpaka vifundoni,
na binti wa kwenye picha ameachwa na barua mkononi,
hajaifungua.
Dakika kumi. Ishirini. Thelathini.
Ndipo Mwanamkuu binti Sufiani akapanda juu ya kiti:
"Barua ya mama mkwe hiyo! Mwongo yule. Kijana yu hai."
"Yu hai, ila kipofu," akadakia mwingine nyuma.
"Kipofu simtaki! Nimelipa shilingi yangu!"
Wakabishana, wakanuniana, wakapatana.
Wakamwoza,
vigelegele vikapigwa mbele ya kitambaa cheupe
kisicho na kitu.

Baba akafika, shati limemganda mgongoni.
Mwanamkuu, ambaye hajawa mama yangu bado,
akamzuia mlangoni.
"Umebeba nini?"
"Mwisho."
"Tumeshamaliza. Rudi nao."

Ngamiani siku ile walimwona binti akinywa sumu.
Kwa hiyo hadi leo, harusini, msibani,
wakikutana bibi wa huku na bibi wa ng'ambo ya reli,
ugomvi ni uleule: alikufa, hakufa.
Mama alizikwa akisema hakufa.
Baba, miaka yote kitanda kimoja na mama,
hakuwahi kutoa ushahidi.
"Mimi nilibeba tu," alisema.

Kiran ilifungwa kwanza. Ikaja vidio, shilingi kumi, uani kwa mtu.
Kina Velshi waliondoka asubuhi bila kuaga,
mashine ikauzwa kwa kilo.
Kitambaa sijui nani alikichukua.
Labda kilizikia mtu.

Nimebaki na kipande kirefu kama mkono.
Fundi wa mashine alikuwa akikata palipoungua, akitupa dirishani,
nasi watoto tunagombania, tukitazamia jua likipatwa.
Ukikiinua kwenye mwanga:
mwanamke, barua,
mwanamke, barua,
mara thelathini na mbili,
na kote hajaifungua.

Nakitunza ndani ya kopo la kahawa.
Wa Ngamiani wakija, siwaonyeshi.