Herufi Iliyopungua

Mie karani tu. Kamatini sikai.
Naketi nje ya mlango, chini ya feni yenye kikohozi,
na barua za chuo hiki, hapa Tunguu,
za kuonya, za kusimamisha, za kufukuza,
hunipita vidoleni kwanza
ndipo zikamfike mwenyewe.

Wiki hii zilikuwa saba.
Wawili walipigana dahalia kwa ajili ya pasi.
Mmoja alimtolea mwalimu wa takwimu maneno
ambayo Katibu aliniambia, "Andika tu: lugha isiyofaa."
Msichana mmoja alihamisha utafiti wa mtu, mzima mzima,
na ukurasa wa shukrani akausahau:
"Namshukuru mume wangu kwa subira yake."
Hajaolewa.
Nilicheka peke yangu, kisha nikaandika: muhula mmoja.

Wa saba ni Shaame Faki Mcha, mwaka wa tatu,
kwao Tumbe.
Kikaratasi chembamba kama ganda la kitunguu,
kanuni kumi na moja kwa wino wa buluu,
kilikutwa ndani ya kofia yake,
baina ya kitambaa cha nje na cha ndani.
Kofia ya mkono. Miezi minne ya mama yake,
tundu kwa tundu, karibu na taa.
Kwa kofia kama hizo ndiko ada ilikotoka.
Sasa imo kabatini kwangu, ndani ya bahasha:
Kielelezo Namba Mbili.

Simtetei.
Binti yangu aliufanya mtihani ule ule,
alikesha, akaambulia hamsini na mbili,
akalia, akala wali wa jana, akalala.
Ukiiba alama, kuna mtu umemwibia,
hata kama hujui anakaa mtaa gani.
Hilo nalisema na nitalisema.

Lakini nilipokuwa naipiga chapa barua yake
kidole kikaruka herufi moja.
"Kamati," ikasomeka, "imeamua kukupa adabu ifuatayo."
Nikaitazama.
H moja, pumzi tu,
ndiyo iliyokaa baina ya kumfunza mtu na kumuumiza.
Sikuirekebisha. Niliipeleka ndani vile vile,
nione nani ataijua tofauti.

Ikarudi na duara jekundu. "Bi Mize, makini."
Nikairejesha H mahali pake.
Mwaka mmoja nje. Matokeo ya muhula yamefutwa.
Nakala: Mkuu wa Skuli, Mhasibu, Mshauri wa Wanafunzi, Jalada.
Mama hayumo kwenye nakala.

Alikuja Alhamisi, kichwa wazi.
Akasoma pale pale, amesimama.
Macho yao wote hukwama aya ya pili,
hapana anayefika ya nne, ndipo mie huwasomea kwa sauti:
"Una haki ya kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne."
Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeelekezwa njia
ya mji asioutaka.

Kisha akauliza.
Hakuuliza mwaka. Hakuuliza ada.
"Kofia nitapewa?"
Nikamwambia kanuni: kielelezo hakitoki
mpaka siku za rufaa ziishe.
"Boti yangu kesho," akasema. "La chuo nitapata la kumwambia.
Lakini mama, nikishuka tu,
ataniangalia kichwani."

Feni ikakohoa.
Ufunguo wa kabati ulikuwa kiganjani mwangu.
Niliuminya, nikauminya,
hata meno yake yakanipiga chapa.