Safu ya Tano

Mama aliniachia nyumba ya mbao huko Āgenskalns,
ng'ambo ya mto, Riga, yenye vyumba vinne vya kupangisha,
na daftari la jalada la kijani linalonuka kitunguu.
Siku ya mazishi sikulia.
Nililia Novemba, bili ya bima ilipofika
ikiwa na jina langu.

Kodi inaingia, kodi inatoka.
Neno moja, milango miwili:
wa mbele wapangaji hubisha kwa zamu,
wa nyuma jiji halibishi.

Nikakaa na kikokotoo na chai iliyopoa.
Chumba cha kwanza, Bi Skaidrīte, alifundisha piano,
hulipa tarehe mosi, noti amezipiga pasi.
Cha pili, Renārs na mwenzake, wanafunzi,
hulipa wakikumbuka.
Cha tatu, Dzintra na kichanga chake, na ukungu
unaorudi kila nikiupaka chokaa.
Cha nne, darini, Zigmārs:
miaka sita, nusu kodi, miaka sita!
Pembeni mama ameandika kwa penseli
neno moja tu: *bati*.

Sikuuliza bati gani.
Nilikuwa na safu nne, mafundi, kuni, maji, jiji,
na jumla iliyonitazama kwa jicho jekundu.
Nikamwandikia barua ya adabu, baridi kama kitasa:
kuanzia Januari, kodi kamili.

Akalipa kamili.
Hakunung'unika, hakugonga mlango.
Theluji ikaanguka siku tisa
naye akalala, usingizi halali wa mtu asiyedaiwa.

Ndipo nikajua ni nani aliyekuwa akipanda juu
alfajiri na koleo la mbao,
kabla barafu haijaota meno ukingoni
juu ya vichwa vya wapita njia.

Jiji likaleta faini.
Vijana wa kamba wakaja, dakika arobaini,
yuro mia moja na themanini, na mlizamu wakauvunja.
Maji yakatafuta njia, maji hayakosi njia.
Saa tisa usiku dari ya Bi Skaidrīte
ikavimba kama tumbo la ng'ombe,
ikapasukia juu ya piano.

Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawasemi kwamba ufa huwa na mtu wake,
na mtu huyo ana magoti.

Nikapanda ngazi na mkate wa shayiri nyeusi.
Alikuwa anakunywa supu ya kiazi sekundu, amesimama.
Nikamwambia, turudi kwenye nusu.
Akafuta mdomo.
"Mama yako alikuwa akiniomba, kila msimu wa baridi.
Kila msimu, kama vile sijawahi kufanya.
Wewe umeniandikia."
Machi anahamia kwa dada yake, Liepāja.
Kuna chumba, kuna bahari, hakuna ngazi.

Lakini Jumapili alinipandisha paani.
Kanyaga hapa, pana boriti. Hapa usikanyage kamwe.
Msumari huu mama yako aliupigilia mwenyewe, umepinda, uache.
Dohani usiishike, mfagiaji anakuja Aprili,
usimpunje, yeye ndiye anayezuia moto.
Nikashuka mapaja yakitetemeka,
nikachora safu ya tano katika daftari,
sikuipa jina.

Buti za msumari, yuro sitini na nne, nimeziandika humo.
Za piano sijaandika chochote.
Bi Skaidrīte amekataa pesa, amekataa na fundi.
Kila alasiri hupiga kipande kilekile,
na kidole kikifika kwenye kibao kilichokufa
hukibonyeza hivyo hivyo, taratibu,
nami chini, na penseli mkononi,
naisubiri ile sauti.

Tarehe mosi alileta noti zake zilizopigwa pasi.
Nilizipokea.
Sikuzihesabu mbele yake.