Usipite Lami

Tatu, umeniuliza njia. Haya, shika kalamu.

Toka Bombo kabla zamu ya asubuhi haijaingia,
katiza Ngamiani wakati wauza mikate
wanafunga makreti nyuma ya baiskeli
na mji wote unanuka hamira.
Kange usisimame. Mabasi yanaamka na hasira.
Pongwe, penye vumbi jeupe la chokaa,
achana na lami. Hapo ndipo safari inapoanza.

Punguza upepo kwanza.
Tairi liwe kama shavu la mtoto aliyeshiba,
lisiwe ngoma.
Kokoto za huko ni mchele usiochaguliwa:
ukikimbilia, utatafuna jiwe.

Mkonge utauona kulia na kushoto,
umepangwa kama watoto wa mchakamchaka,
kila mmoja na mikuki yake, hakuna anayekimbia.
Kuna reli nyembamba ya zamani, imezama kwenye nyasi.
Ivuke moja kwa moja. Usiipe ubavu.
Mimi niliipa, na goti hili ni shahidi.

Unaijua baiskeli yangu, ile Swala ya marehemu Kiondo,
yenye bomba katikati, ya kiume.
Nilijifunza usiku, uwanja wa shule,
mguu nimeupenyeza chini ya bomba kama watoto,
na miaka yangu thelathini na minane.
Wakasema: mjane huyu anatafuta nini gizani?
Nilikuwa natafuta pedeli.

Ukipata pancha kabla ya Ngomeni, muulizie Mhina.
Hana kibanda. Ana beseni, msasa, na kipande cha tyubu kuukuu.
Atazamisha mpira majini, atauzungusha taratibu,
hatasema neno mpaka povu litokee.
Nimefunga vidonda miaka kumi na sita, Tatu,
sijaona daktari anayesubiri namna ile
kidonda kijitaje chenyewe.

Baada ya Muheza ardhi inaanza kupumua.
Panda. Shuka. Panda tena.
Kifua cha mgonjwa aliyepata nafuu alfajiri,
ndivyo vilima vile vilivyo,
nawe u mdudu mdogo juu ya shuka.
Ukishuka, usibane breki ya mbele.
Kaa nyuma ya tandiko, legeza viwiko,
acha usukani utetemeke, unajua kazi yake.
Madgadi yatapiga kelele. Yapige.

Machungwa nunua matatu tu.
Mama wa pale Lusanga atakulazimisha kumi,
na kumi yatakutoa roho kwenye mlima wa Bombani.
Mlima ule kila mtu anashuka na kusukuma,
hata vijana wa mkaa wenye mapaja kama magogo.
Usione haya.
Watoto watakuja kukusukuma kwa nyuma bila kuitwa;
hawataki hela, wanataka kengele.
Mpe kila mmoja mlio wake. Wahesabu vizuri,
yupo mmoja atakayerudi mara mbili.

Mbele utasikia harufu ya iliki
kabla hujaona shamba lenyewe.
Hapo ni Kisiwani, na hapo mimi huishia.

Ndiyo. Amani sijawahi kufika.
Usicheke na jina, nimeshachekwa vya kutosha.
Kila mara ni saa sita, jua limesimama,
naiona kona ya kwanza ikijikunja kuingia msituni,
mvua ya jana bado inatiririka kwenye mfereji,
na saa moja jioni nina zamu, wodi namba tano.
Nakula chungwa. Nageuza.

Sasa wewe una likizo ya siku nne
na miguu ya miaka ishirini na sita.
Ukifika juu usinipigie simu,
wala usinitumie picha.
Njoo unieleze kwa mdomo, usiku, tukikunja mashuka,
polepole, kona kwa kona,
wapi changarawe ni nyekundu, wapi inakuwa nyeusi,
na kama kuna mahali
mtu anaweza kuegemeza baiskeli akakaa.

Pampu nimeifunga kwenye karia kwa mpira.
Ni ya Kiondo.
Irudishe.