Dirisha Namba Tatu

Miaka thelathini na mmoja nilikaa upande wa ndani wa kioo,
mhuri mkononi, droo ya chenji magotini,
nikiwapokea wagonjwa kupitia tundu la duara
lililotosha noti na sauti. Uso halikutosha.

Nilimhudumia Mzee Lechipya wa Bahi,
aliyeuza ng'ombe wawili kwa bei ya mmoja
kwa kuwa mnunuzi alishasikia nyumbani kuna mgonjwa.
Nilimhudumia pia Mwalimu Perusi, kadi yake inang'aa,
miaka tisa analipa bila hata kukohoa,
mwaka wa kumi, figo.
Ni mimi niliyemrudishia kadi, naisukuma kwa kidole kimoja:
"Mwalimu, hii haimo."

Sasa niko nje ya kioo.
Kijana wa bima amenifuata Nkuhungu kwa pikipiki,
Chiduo anaitwa, shati limenyooshwa, mkoba wa zipu mbili.
Amekunywa uji wangu wa uwele, akausifu mara tatu,
kisha akatandaza karatasi juu ya karanga nilizokuwa nikibangua.
Safu ya kwanza umri, safu ya pili pesa.
Kadiri jicho linavyoshuka, pesa inapanda.

Presha? Kwanza nisubiri mwaka.
Sukari? "Hiyo, mama, ulikuja nayo."
Macho, nusu.
Meno? Akacheka, nami nikacheka, tukaonyeshana yaliyobaki.

Nikaichukua kalenda ya mwaka jana, nikaigeuza mgongo.
Ekari moja ya zabibu, ukitoa dawa, maji na wavunaji,
inabaki hela ya kadi na ya sabuni.
Mwaka nisipougua, zabibu zangu atakuwa amezila nani?
Mama alikuwa na kihenge.
Mwaka wa neema alikijaza, wa ukame alizamisha mkono
akatoa mtama wake mwenyewe, na wadudu wake.
Hiki cha Chiduo mlango wake uko mjini
na mwenye kuufungua simjui.
Ila nisiseme uongo: hata kihenge cha mama
kiliwahi kukwanguliwa Februari, mvua haijulikani ilipo,
na hakuna aliyekuja na pikipiki.

Kuna kundi la familia kwenye simu.
Alipolazwa shemeji yangu Mbijili niliisoma orodha usiku kucha:
Nyemo elfu ishirini.
Ndahani, nitatuma mwisho wa mwezi.
Mikono iliyokutanishwa kuomba. Moyo mwekundu.
Halafu kimya, majina kumi na moja.
Kufa nimekuona sana, hakunitishi kama ile orodha.
Labda ndicho anachouza huyu kijana, wala si dawa:
kwamba nitazeeka bila kujua
mwanangu angetoa kiasi gani.

Nilimuuliza, mama yako umemkatia?
Akafunga zipu moja, akaifungua tena.
"Bado najipanga."

"Tarehe ya kuzaliwa, mama?"
Kwenye cheti ni Julai mosi, kama nusu ya darasa letu.
Mwalimu wa misheni ndiye aliyetuzaa siku hiyo.
Mama alijua njaa tu, na jina la njaa,
na kwamba nilikuja ikiwa inaelekea kuisha.
Mwalimu akasema: pitisha mkono juu ya kichwa,
gusa sikio la upande wa pili.
Nikagusa. Ukoo wetu una mikono mirefu.
Pengine nilikuwa na mitano, akaandika saba.
Miaka miwili ile, kwenye safu ya Chiduo,
ni laki nne na nusu.

Nikamwambia aandike kwa penseli.

Alipoondoka, vumbi la pikipiki halijatua,
nilisimama uani nikatazama kama jirani yupo. Hayupo.
Nikaupitisha mkono wa kulia juu ya kichwa.
Bega likagoma njiani.
Kidole kiliishia kwenye kilemba,
upana wa vidole vitatu kutoka sikioni.