Kabla ya Kuizika Diski

Saa nne asubuhi, Luthuli, ghorofa ya tatu.
Chini yangu wauza spika wanajaribu besi
mpaka skrubu zinacheza kwenye kisosi.
Bi Mokeira anaingia na mashine
ameifunga kwa leso kama mtoto mwenye homa.

"Haiwaki," asema.
Inawaka. Feni inavuma, taa ya buluu ipo,
ila skrini ni nyeusi, na juu pembeni
mstari mmoja mweupe: hakuna diski ya kuanzia.
Inawaka, mama. Haiamki tu.

Mafundi wawili wamekwisha kuihukumu.
Wa ghorofa ya chini hakuifungua hata:
diski imekufa, mpya elfu sita na mia tano,
hiyo ya zamani niachie nikutupie.
Wa pili aliinusa, akatikisa kichwa.

Ndani, asema, mna miaka kumi na mmoja
ya chama chao cha kuzikana:
nani alitoa mia tano ya jeneza la Mzee Onkoba,
nani aliahidi ng'ombe kisha akazima simu.
"Bila daftari hilo, fundi,
kesho wote watakuwa walilipa."
Nikacheka. Akacheka. Kisha akaacha.

Una nakala kwingine?
Anatazama dirisha.
Kila anayepanda ngazi hizi
hutazama dirisha lile lile.

Basi, kwanza sikio.
Diski inayokata roho hugonga, tak, tak, tak,
kama mpangaji aliyefungiwa nje usiku.
Namwomba kijana wa spika dakika moja ya kimya;
ananipa nusu.
Hii haigongi. Inazunguka, inanong'ona.
Wanzala aliyenifunza kazi alikuwa akisema:
usizike kabla hujaita jina.

Skrubu tisa. Ya kumi fundi fulani alienda nayo.
Vumbi, punje ya mchele, mguu wa mende.
Naichomoa diski, nasugua meno yake kwa kifutio cha penseli,
nairudisha mpaka inabana.
Mstari ule ule mweupe.

Naiunga kwa kebo kwenye mashine yangu.
Bi Mokeira anasimama.
Majina yanashuka mmoja mmoja
kama waumini wanaotoka ibada ya kwanza:
Nyaboke, amelipa. Ratemo, hajalipa.
Ratemo, hajalipa. Ratemo.
Kumbe maiti ni mzima. Mgonjwa ni nani?

Naiwasha tena, nashikilia kitufe,
naingia vile vyumba vya ndani vya maandishi matupu
ambamo mwenye mashine hajawahi kukanyaga,
na humo nakuta saa:
mosi Januari, elfu mbili na tisa,
usiku wa manane na dakika nne.

Aa.
Wewe hujui leo ni lini.

Imesahau mwaka, na pamoja na mwaka
imesahau mlango. Inabisha kwenye mtandao,
inabisha kwenye sidii ambayo haijatiwa tangu inunuliwe,
na diski iko pale pale kifuani mwake,
inazunguka, inangoja kuitwa.

Chini ya mkanda mweusi, kibetri mfano wa sarafu.
Hicho ndicho kilichokufa. Hicho tu.
Shilingi themanini, duka la mkabala.
Nakitia, narudisha saa, naielekeza: anzia hapa.
Inafikiri kidogo. Halafu skrini inajaa
picha ya wajukuu wenye sare za shule.

"Ngapi?" mkono umeshaingia pochini.
Ningesema elfu tatu angenibariki.
Nikisema themanini, miaka yangu yote
ya kujua pa kutazama nimeigawa bure.
Sasa ni mimi ninayetazama dirisha.

"Mia tano. Na ununue flashi, leo,
kabla hujafika stejini."

Analipa, lakini haondoki. Anafungua daftari,
anaandika kwa kidole kimoja: fundi, mia tano, amelipwa.
Anasita.
"Leo tarehe ngapi?"

Iulize yenyewe, mama.