Chonge

Jumatano, Ibra, soko la wanawake linafungwa,
na Bi Shinuna bint Zahir amekuja moja kwa moja kutoka huko,
ananukia udi na bizari.
Naomba hereni. Naomba kipini, mkufu, miwani.
Anavua moja moja, anatia ndani ya bakuli la bati,
anaihesabu dhahabu, kisha ananihesabu mimi.

Kwa Kiarabu namwambia: uma hapa,
kidevu kiegemeze, ulimi upandishe kaakaani,
usitikisike, usimeze mate.
Miaka kumi na minne nawakataza watu kumeza mate
na sijamwona bado
asiyepata kiu ya kumeza papo hapo.

Mashine inazunguka. Toka sikio hadi sikio
inaikunjua taya kama mkeka.
Mimi niko nyuma ya kioo cha risasi, kidole kwenye kitufe,
na kwenye spika namsikia, plastiki katikati ya meno:
"Umalize basi, mwanangu, shingo yaniuma."

Kiswahili.
Si cha darasani. Ni kile cha mama yangu
akiunguzwa na sufuria.

Picha ikaja. Magego mawili yana fedha,
moja la kaure, la Maskati;
jino la pembe si dawa ya pengo,
ila bei yake ilikuwa ya pembe kweli.
Na juu, kushoto, katikati ya watu wazima,
kijino kifupi, hakina mzizi wa kutajika:
jino la utoto, mdomoni mwa mtu wa miaka sitini na sita.
Juu yake, ndani ya mfupa, limelala ubavu
jino la chonge, zima, jeupe,
halijapata kuonja hata ndizi.

Daktari Muhenna anataka picha ya pande tatu,
kichwa kikatwe kwa mionzi, robo milimita, robo milimita,
ijulikane limemlalia nani.
"Tena?" anauliza Bi Shinuna.
"Tena, mama," nikajibu,
lugha imenitoka kabla sijaichagua.

Akanitazama.
"Kwenu wapi?"
"Hapa hapa. Mama ndiye wa Wete."
"Mimi Chake. Hicho kidogo nakijua.
Wenzangu walitupa yao paani. Changu kilikataa.
Tukaondoka nacho, nina miaka kumi na mmoja."

Nimeligeuza fuvu lake kwenye skrini,
vyumba vitupu vya pua, njia ya mshipa,
na chonge: nusu milimita tu kutoka mzizi wa jirani.
Nikamwonyesha. Akaligusa kwa ukucha wa hina,
kioo kikabaki na alama.
"Kumbe lilikuja," alisema. "Likakuta mlango una mtu."

Daktari ameandika: lisiguswe, lipigwe picha tena mwakani.
"Lakini kile kidogo kikitoka, nipeni. Nna paa."
"Paa la huku bapa, mama. Kitakaa hapo hapo juu."
"Kikae."

Dhahabu imerudi masikioni. Mwanawe anapiga honi nje.
Mlangoni akageuka, mdomo ameufumba nusu:
"Na ulimi, sasa niushushe?"